Mrusha kisahani wa Nigeria aliyetikisa mpira wa Kimarekani: kweli au chai?

Mwana Ngamiani:
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu hapa Tanga, pande la mtu, anarusha kisahani mpaka mwalimu wa michezo anakaa mbali. Soka ndiyo hawezi kabisa. Sasa kijiweni Makorora babu mmoja katuambia kuna Mnigeria alitoka kwenye kisahani akawa staa wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu. Kuna anayemjua?

Dogo Chumbageni:
Chai hiyo, tena ya rangi. Uanze ukubwani halafu uwashinde waliokua nao?

Baharia Mstaafu:
Si chai, wanangu. Ni Christian Okoye, mtoto wa Enugu. Riadha ndiyo iliyompeleka California, chuo cha Azusa Pacific. Mwaka 1984 Nigeria ikamwacha kwenye kikosi cha Olimpiki, ndipo akajaribu mpira huo, ana miaka 23 na hajawahi kuucheza. Mwaka 1987 timu ya kulipwa ya Kansas City Chiefs ikamchukua raundi ya pili, pale timu zinapogawana wachezaji wapya kwa zamu.

Kazi yake kupewa mpira mkononi na kupenya katikati ya watu. Kilo karibu 118, na mbio anazo! Beki akimng'ang'ania kiuno, anaburutwa. Mwaka 1989 alikimbia yadi 1,480, akaongoza ligi nzima. Barry Sanders wa Detroit, mkimbiza mpira mwenzake ambaye si mtu wa mchezo, alibaki nyuma kwa yadi 10.

Mimi nilimwona Septemba 1990, meli yetu iko Houston, tumejazana kwenye runinga ya kituo cha mabaharia. Chiefs na Denver. Okoye kapewa mpira, kashika kasi, Steve Atwater, beki wa Denver, huyo anamjia kifua kwa kifua. Pa! Jitu limesimamishwa palepale, likarudi kinyumenyume. Wafilipino, Wagiriki, sote tuliruka vitini. Wengi wanakumbuka pigo lile kuliko zile yadi, na mimi naona wanamwonea.

Mwana Ngamiani:
Shikamoo mzee wangu. Kwa hiyo dogo aachane na kisahani, atafute huo mpira?

Baharia Mstaafu:
Marahaba. Autafutie wapi, Mkwakwani? Kisahani ndicho kilichomlipia Okoye chuo. Mpira wenyewe kacheza misimu 6 tu, 1987 hadi 1992, majeraha yakamtoa. Kazi ya kugongwa kila siku haina uzee.

Kwa umri wake arushie kisahani cha kilo 1.5, asikimbilie kile cha kilo 2 cha wakubwa, atajiharibu bega. Akirekodi video, mpiga picha asimame ubavuni, miguu ionekane inavyozunguka ndani ya duara. Na vitabu asiache. Vyuo vya kule vinaomba matokeo ya darasani kabla ya kuuliza anarusha mita ngapi.