Sarakasi za angani kwa jeti ski ya kusimama: nianze na mbiringiko au kichwangomba?

Msafiri_wa_Arizona aliuliza:

Wanajamvi, salaam. Ninaishi Phoenix, Arizona, na kwa misimu miwili sasa nimekuwa nikiendesha jeti ski ya kusimama katika Ziwa Pleasant, na mara chache katika Ziwa Havasu. Chombo changu ni Yamaha SuperJet ya zamani, ile ya kuchanganya oili na petroli, yenye injini ya sentimita za ujazo 701, na hakijabadilishwa kitu isipokuwa mkeka wa kukanyagia. Kona kali ninazimudu, na hata kikienda polepole sana sianguki.

Sasa ninataka kujifunza sarakasi za angani, yaani chombo chote kitoke majini nikiwa juu yake. Nimetazama watu wakipiga kichwangomba cha nyuma kwenye maji yaliyotulia kabisa, pasipo wimbi lolote. Mimi nikibana mafuta hadi mwisho, pua inanyanyuka kidogo, kisha chombo kinakimbia mbele, basi. Je, injini hii inatosha? Na nianze na lipi, mbiringiko wa ubavu au kichwangomba?

Fundi_Pampu, Dubai:

Ndugu Msafiri, chombo kinakimbia mbele kwa sababu unaitaka injini ifanye kazi ambayo inapaswa kuanzwa na maji. Ndani ya bodi mna hewa na povu gumu, kwa hiyo ukiizamisha pua kwa nguvu, maji yataisukuma irudi juu, na msukumo huo ndio mtaji wa kuruka. Nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kunja magoti, kisha utupe uzito wako wote kwenye mkono wa usukani hadi pua izame. Inapoanza kurudi, nyoosha miguu, vuta usukani kuelekea kiunoni, na hapo ndipo ubane mafuta yote. Ukiyabana mapema utakuwa umekimbia tu. Ukichelewa, msukumo wa maji utakuwa umekwisha kabla injini haijaitikia. Nafasi iliyopo kati ya hayo mawili ni ndogo sana, na kuipata ni kazi ya mazoezi, haiuzwi dukani.

Jambo la pili ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba pampu husukuma pale tu mdomo wake ulio chini ya bodi unapokuwa ndani ya maji. Ukivuta hewa, propela huzunguka bure, injini hulia, na tangu hapo chombo kina nguvu ile tu kiliyoondoka nayo. Vivyo hivyo, usukani hugeuza bomba la nyuma linalotoa maji, na bomba lisilotoa maji halielekezi chochote. Kwa hiyo, mgeuko wowote unaoutaka angani lazima uuanzishe mkia ukiwa bado majini. Nimewaona vijana hapa wakihangaika kugeuza usukani wakiwa tayari hewani, nao hushangaa kwa nini wanatua na ubavu.

Ningekushauri ujifunze kwanza kurukaruka papo hapo, kisha kugeuka nusu mzunguko pua ikiwa imezama, kisha mbiringiko. Kichwangomba kije baadaye.

Kuhusu injini: chombo chako kinatosha kwa kuruka, kwa nusu mzunguko, na hata kwa mbiringiko ukitumia wimbi linaloachwa na boti kubwa. Wale unaowaona wakipinduka kwenye maji matulivu wanatumia bodi fupi na nyepesi za kaboni, injini zilizopanuliwa, na propela iliyochaguliwa ili iume maji kwa mwendo mdogo. Ukiwa na fedha, anza na vishikio vya miguu, maana bila hivyo miguu itabaki angani na chombo kitabaki majini. Propela ifuate, na injini iwe ya mwisho. Tena usishawishike kununua SuperJet mpya kwa kazi hii. Ile iliyotoka mwaka 2021 ina injini ya sentimita za ujazo 1,049 na uzito wa takribani kilo 170, ilhali yako haifiki 140. Kawasaki SX-R ya sentimita za ujazo 1,498 ndiyo mzigo kabisa, kilo 250. Ni chombo kizuri cha mbio na cha bahari chafu, lakini kukigeuza angani ni shughuli nyingine.

Mpanda_Mawimbi, Oregon:

Ninamheshimu Fundi, ila katika mpangilio wake ninatofautiana naye. Kwa chombo kisichobadilishwa, mahali pepesi pa kujifunzia kichwangomba ni baharini kwenye mawimbi, kwa sababu wimbi lenyewe linakupa mteremko wa kurukia, na huhitaji kuuzalisha kwa magoti na injini. Unaupanda uso wa wimbi ukiwa na mafuta ya wastani, unayabana yote unapokaribia ukingo wake, na huyaachi mpaka mkia utoke. Wavulana wanaojirusha baharini pale Forodhani, Unguja, wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi wenye mashine: kichwa kikishatangulia nyuma, mwili hauna budi kukifuata. Wengi hushindwa kwa sababu wanasita katikati na kutazama mbele, na hapo chombo husimama wima kikawaangukia.

Ukiona mambo yameharibika, kisukume chombo mbali nawe kwa mikono na miguu, usikikumbatie. Kamba ya kuzimia injini iwe mkononi wakati wote.

Fundi_Pampu:

Sikatai, Mpanda Mawimbi. Lakini Msafiri yuko Arizona. Havasu ni maji yaliyozuiwa na bwawa la Parker katika Mto Colorado, na wimbi pekee atakalolipata huko ni la boti za watu.

Dada_Viungo:

Mimi ni mtaalamu wa viungo, na mume wangu ndiye mpanda chombo. Kaka zangu mmeeleza ufundi vizuri, ila mmepita haraka kwenye mwili. Vishikio vya miguu vinavyosifiwa hapo juu ndivyo vinavyoteguza vifundo na magoti, endapo mguu mmoja utachomoka na mwingine ukabaki. Kwa anayeanza, viwe na nafasi ya kutosha kuchomoa miguu yote kwa mara moja. Vaa helmeti yenye kinga ya kidevu, kwa kuwa usukani hupiga taya wakati wa kutua.

Na kuna hatari moja ambayo watu huona haya kuitaja. Ukianguka nyuma ya chombo injini ikiwa inasukuma, maji ya pampu yanaweza kuingia mwilini kupitia sehemu za siri na kujeruhi vibaya viungo vya ndani. Vaa suruali nzito ya neopreni, yaani ule mpira laini wa nguo za wapiga mbizi, si kaptula ya kuogelea. Maji ya mazoezi nayo yawe na kina. Chombo kina urefu unaozidi mita 2, na pua ndiyo inayotangulia kuzama.

Msafiri_wa_Arizona:

Nawashukuru sana, nawe dada hasa, kwa maana hilo la suruali sikuwahi kulisikia. Nitaanza na vishikio na kurukaruka papo hapo. Nina swali moja dogo: nikipinduka mara nyingi, maji hayataingia kwenye injini?

Fundi_Pampu:

Yanaweza, hasa kwa namna unavyokigeuza. Nyuma ya chombo pana kibandiko chenye mshale. Kigeuze kwa upande huo tu, kwa sababu kwa upande mwingine maji yaliyomo kwenye njia ya moshi yanaweza kurudi ndani ya silinda. Kikigoma kuwaka, usilazimishe stata. Fungua plagi, zungusha injini maji yatoke, kausha, kisha uiwashe siku hiyohiyo, kwani ukiiacha hadi kesho beringi zitaanza kushika kutu. Mchanganyiko wako ubaki ule wa sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, na ufunge pampu ya umeme ya kutoa maji ndani ya bodi ikiwa bado hujafunga.