Kuchonga ndevu nyumbani: mashine, wembe, mkasi au poda?

Mwana_Temeke
Wakuu, habari za jioni. Kila Ijumaa nachonga ndevu saluni kwa 5,000, kwa mwezi ni 20,000, na bado shingo haijawahi kupumzika na vipele. Vinawasha, vinatunga usaha, vikipona vinaacha madoa meusi. Nimeamua kujinyoa mwenyewe. Ndevu zangu ni za kipilipili, nzito kidevuni, chache mashavuni. Ninazopima ni nne: mashine ya kuchaji, wembe, mkasi na kitana, na ile poda ya kukoroga na maji. Aliyetumia mojawapo aniambie ilivyomwendea.

Kinyozi_Mstaafu
Kijana wangu, kabla ya kununua chochote elewa hivyo vipele vinatoka wapi. Unywele wa kipilipili umepinda tangu kwenye shina. Ukiunyoa mpaka chini kabisa unabaki na ncha iliyochongoka, na unapoota tena unajikunja na kurudi kuichoma ngozi. Ngozi inauchukulia kama mwiba, ndiyo maana inavimba. Nyembe zenye makali matatu au matano zinazidisha: zinauvuta unywele kabla ya kuukata, kisha unazama chini ya ngozi.

Kwa hiyo mtu wa aina yako asinyoe upara. Abakize kivuli. Mashine bila kichana (kile cha plastiki kinachovishwa juu ya makali), usipoikandamiza, inaacha chini kidogo ya milimita 1, na hiyo inatosha. Kichana namba 1 kinaacha milimita 3, namba 2 milimita 6. Anza na namba 2 halafu ushuke. Ukianza chini huna pa kurudi.

Na ukate ndevu zikiwa kavu. Hili vijana wengi hawalijui. Ndevu mbichi zinanyooka na kuonekana ndefu, unakata kwa kujiamini, zikikauka zinajikunja unakuta upande mmoja umeisha.

Bin_Unguja
Assalaam alaykum. Mimi nafuga ndevu kwa sunna, napunguza zile tu zinazozidi ngumi, kwa hiyo kwangu ni mkasi na kitana. Nachana kuelekea chini, nashika, nakata kidogokidogo nikiwa dirishani penye mwanga. Masharubu nayapunguza kwa kufuata mstari wa mdomo. Nikitoka kuoga napaka mafuta ya nazi kidogo mpaka kwenye ngozi, maana chini ya ndevu ndefu ngozi hukauka na kutoa mba. Shingoni mkasi siuwezi, hapo hunisaidia mke wangu kwa mashine ndogo.

Lindo_la_Usiku
Wenzangu mna bahati. Kazini kwetu ndevu haziruhusiwi, lazima kidevu kiwe safi, na mimi nina tatizo lilelile la Mwana_Temeke. Kilichoniokoa ni poda. Yenyewe inayeyusha unywele, haiukati, kwa hiyo ncha haibaki kali. Naikoroga iwe kama uji mzito, napaka, nakwangua kwa mgongo wa kijiko, nasuuza kwa maji ya baridi. Harufu yake ni ya mayai viza, fungua dirisha.

Ila iheshimuni. Siku moja nilipokea simu nikapitiliza dakika zilizoandikwa kwenye kopo, shavu likababuka. Jaribu kwanza sehemu ndogo na usubiri siku mbili, na usipake juu ya kipele kilichopasuka. Mimi hurudia baada ya siku nne, si kila siku.

Kamau_wa_Thika
Natetea wembe kidogo. Nina kishikio cha chuma cha wembe mmoja. Namwagia uso maji moto, naacha povu lilainishe ndevu dakika mbili tatu, halafu nanyoa kufuata zinakoelekea, bila kuvuta ngozi. Wembe nautumia mara tatu, natupa. Mwisho nasugua shabu iliyoloweshwa, damu ikitoka inakata palepale. Sijapata vipele miaka sasa. Lakini nakiri ndevu zangu hazijapinda sana.

Kinyozi_Mstaafu
Kamau, hapo umesema kweli. Makali mamoja na kufuata mwelekeo ndiyo salama ya wembe. Wengi wananyoa kinyume ili iteleze, na hapo ndipo wanapojiumiza.

Nesi_Mbeya
Kaka Mwana_Temeke, vipele vyenye usaha usivipitie na kifaa chochote. Pumzisha uso wiki tatu hadi nne, usinyoe kabisa, unywele uliozama utatoka wenyewe. Usiuchokonoe kwa sindano. Visipotulia, nenda hospitali. Na jamani, msiazimane mashine wala wembe hata kama ni ndugu wa damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba, na tone la damu la kukiambukiza huenda hata usilione.

Mwana_Temeke
Asante dada. Na mstari wa shingoni mnauweka wapi? Saluni wanaupandisha mpaka kwenye mfupa wa taya.

Kinyozi_Mstaafu
Huko ni juu mno, kidevu kinaonekana kuning'inia. Weka vidole viwili juu ya kikoromeo, hapo ndipo pa kuanzia, kisha upinde kuelekea nyuma ya masikio. Juu ya mstari usiguse.

Mwana_Temeke
Mrejesho, wakuu. Nilipumzisha uso wiki nne, wiki ya pili ilinitesa kwa muwasho. Nikanunua mashine ya kuchaji kwa 60,000, ambayo ni miezi mitatu ya saluni. Mashavuni namba 1, mzuzu namba 2, shingoni bila kichana, kila baada ya siku tano. Vipele vipya sijaona. Madoa ya zamani bado yapo upande wa kushoto. Nesi, hayo yanaondoka yenyewe au kuna cha kupaka?

Nesi_Mbeya
Yanafifia taratibu, hesabu miezi. Jikinge na jua, na usipake krimu za kuchubua.