Tupeane uzoefu: sedani yako ilipoletwa upya ikiwa kubwa zaidi, ulipata nini na ulipoteza nini?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Nimemiliki sedani ya jina moja kwa matoleo mawili yaliyofuatana. La kwanza nilikaa nalo miaka tisa. Mwaka jana nikahamia jipya, na kwenye karatasi kila kipimo kimepanda: urefu umeongezeka sentimita 12, upana 9, na magurudumu ya mbele yamesogezwa mbali zaidi na ya nyuma. Nikalichukua kwa moyo mweupe.

Safari ya kwanza ilikuwa kumfuata baba. Baba ni mrefu na magoti yamechoka, kwa hiyo huwa anakaa kwanza kitini, kisha anavuta miguu ndani. Kwenye gari la zamani alikuwa akifanya hivyo mwenyewe bila kushikwa mkono. Kwenye hili jipya aligonga utosi. Paa limelazwa kuelekea nyuma kama la gari la michezo, na mlango wa nyuma umekatwa kulifuata paa. Alipoingia, miguu ilikuwa na nafasi tele, lakini shingo aliikunja njia nzima. Hakulalamika hata mara moja. Mimi ndiye niliyeumia.

Gari limekua, baba yangu halimtoshi. Naomba aliyeishi na toleo la zamani na jipya la gari lake atusimulie. Zile sentimita zilizoongezwa zilikwenda wapi?

Dereva wa masafa

Mkuu, pole kwa mzee. Mimi nina neno la kulitetea gari kubwa.

Kazi yangu ni barabara ndefu, saa sita au saba kwenye usukani. Sedani yangu ya zamani ilikuwa fupi; ikipita kwenye mawimbi ya lami inanesa mbele, inanesa nyuma, ukishuka mgongo unauma. Toleo jipya lina magurudumu yaliyoachana zaidi, linapita palepale limetulia. Lori likipishana nami sisukumwi na upepo kama zamani. Na paa hilo linalolaumiwa lina kazi yake: hewa ikiteleza vizuri hadi kwenye buti, gari linakula mafuta kidogo na kelele inapungua.

Ila nikiri jambo moja, kwa kuwa nalipenda hili somo. Audi 100 ya 1982 ilifikia kipimo cha upinzani wa hewa cha 0.30 (kikiwa kidogo ndivyo hewa inavyoteleza vizuri), na ilikuwa sedani ya watu wazima, mtu anakaa nyuma kichwa kimenyooka. Wasanifu wanaweza wakitaka.

Fundi bodi

Nimeshafungua magari mengi ya zamani na mapya, ngoja nieleze sentimita zinaliwa na nini.

Fungua mlango wa sedani ya miaka ya themanini, ni bati, kioo na mashine ya kupandishia kioo. Fungua wa leo: kuna nondo ya kuzuia pigo la ubavuni, spika, nyaya na sponji za kuzuia kelele. Ndiyo maana gari linapanuka kwa nje, lakini bega lako linabaki pale pale. Boneti nayo imepanda. Ulaya ilianza mwaka 2005 kuyataka magari mapya yampunguzie madhara mtembea kwa miguu anayegongwa, na njia mojawapo ni kuacha nafasi kati ya bati la boneti na injini ngumu iliyo chini yake. Boneti ikipanda, dirisha nalo linapandishwa ili gari lisionekane limevimba mbele. Nguzo za kioo cha mbele zimenenepa pia. Marekani ilipitisha mwaka 2009 kwamba paa la gari dogo lihimili mara tatu ya uzito wa gari lenyewe, wakati zamani ilikuwa mara moja na nusu.

Kwa hiyo msiwalaumu wasanifu kwa kila kitu. Nimeona gari la zamani lililobiringika na la sasa lililobiringika. Mimi wanangu nawapandisha la sasa.

Ninachowalaumu ni sura. Shoo, yaani ule wavu wa mbele ya gari, imekuwa pana hadi chini ya bampa, nyuma yake wameficha rada na sensa. Taa nayo imevutwa hadi ubavuni. Mguso mdogo wa kupaki, ambao zamani ningeunyoosha na kupiga rangi, leo ni taa nzima.

Mama wa watatu

Kwangu ni buti. Nilisoma lita, lita zilikuwa nyingi kuliko za gari la zamani, nikaridhika. Kumbe lita ni ujazo wa shimo, hazisemi chochote kuhusu mdomo wa shimo. Kioo cha nyuma kimelala sana, kifuniko cha buti kimebaki kifupi kama kifuniko cha sanduku la barua. Kigari cha mtoto kilichokuwa kinaingia kizima sasa nakitoa magurudumu kwanza, huku mtoto nimemshika kwa mkono mmoja. Nendeni na mzigo wenu siku ya kukagua gari.

Mpenzi wa sedani nyembamba

Upana ndio ulionitesa mimi. Ya zamani ilikuwa chini ya mita 1.70, na wengi hawajui kwa nini sedani nyingi za Kijapani ziliishia hapo. Kule Japani, gari likizidi urefu wa mita 4.70, upana wa 1.70 au injini ya petroli ya cc 2000 linahamia daraja la juu la usajili. Toyota Premio ilikuwa na upana wa milimita 1695 tangu 2001 hadi ilipositishwa 2021. Camry mwanzoni mwa miaka ya tisini ilitengenezwa miili miwili: mwembamba kwa ajili ya nyumbani, mpana kwa ajili ya nje.

Mpaka ule uliwabana wasanifu, na mimi naona uliwafanya wawe hodari. Hawakuwa na sentimita za kuchezea, kila moja ikaenda kwa abiria. Sasa nina gari la mita 1.83, na hiyo ni bila saiti mira, maana upana unaoandikwa kwa kawaida hauzihesabu. Kwenye maegesho yangu abiria wa kushoto anashuka kwanza nje, kisha ndipo naingiza.

Angalieni na BMW. Mfululizo wa 3 wa mwaka 1975 ulikuwa na urefu wa mita 4.36 hivi. Ulioanza kuuzwa 2019 una 4.71, umeupita hata mfululizo wa 5, ulio daraja la juu yake, wa mwaka 1972. Jina limebaki, gari limehama daraja.

Anayeamini jicho huzoea

Kuhusu sura, mimi nilijifunza kusubiri. BMW ya mfululizo wa 7 ilipotoka 2001 na lile buti lililokaa kama limewekwa juu ya jingine, watu waliandika hadi ombi la kutaka Chris Bangle, mkuu wa usanifu wa BMW, aondolewe. Gari likauzika kuliko lililolitangulia. Mercedes nao walileta taa nne za mviringo mwaka 1995, mimi nikaapa sitakaa nilinunue. Miaka sita baadaye nilikuwa nalo, na jioni nikilipaki nilikuwa nageuka kulitazama tena.

Mwingine

Mimi gari langu miaka minne sikulizoea. Siti, injini, kila kitu safi. Shoo tu.

Mwanafunzi wa historia ya magari

Kukua si lazima. Chevrolet Impala na Caprice za 1977 zilipunguzwa urefu kwa sentimita 25 hivi na uzito kwa kilo zaidi ya 250, huku kichwa, miguu ya nyuma na buti vikipata nafasi zaidi. Ziliuzika vizuri sana. Na kupunguza kunaweza kukosewa: Chevrolet Malibu ya 2013 ilifupishwa kati ya magurudumu kwa sentimita 11 hivi, abiria wa nyuma wakabanwa magoti. Mwaka uliofuata wakachonga migongo ya siti za mbele kutafuta nafasi, na toleo la 2016 likarudisha karibu sentimita 9.

Mleta mada

Nimewasoma wote, asanteni. Fundi, umenituliza kuhusu boneti na milango. Bado paa silisamehe.

Leo nimechukua futi na kupima kutoka kwenye siti ya nyuma hadi ukingo wa juu wa mlango, kisha nikaenda kwa ndugu yangu aliyelinunua gari langu la zamani nikapima hapo hapo. Jipya limepungua sentimita 6. Kipimo hicho hakimo kwenye karatasi yoyote niliyopewa. Dada wa buti, kama unaweza, pima na mdomo wa buti lako kwa urefu na upana utuwekee hapa. Baba Jumamosi nampeleka akajaribu mwenyewe milango ya magari mengine mawili kabla sijaamua kuliuza hili.