Hela za walipa kodi wa Uingereza kwa wajane wa Keya: huku chini hatuonyeshwi hata orodha

Wakuu habari za muda huu. Hili jambo nimekaa nalo tangu mwezi wa tatu, nikawa najizuia nisiandike nikiwa na hasira, leo nimeshindwa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza. Alichukuliwa 1942 hata ndevu hazijaota, akaishia Burma (Myanmar ya sasa), wenyewe walikuwa wanasema Bama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndio iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua za huko zikiwa zimechachamaa, tope, malaria, Mjapani kajificha msituni, mpaka wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Na kuna ambao hata Bama hawakuiona, meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikapigwa topido tarehe 12/2/1944 ikazama ndani ya dakika mbili, karibu watu 1,300 wakafa, wengi wao vijana wa mizinga wa huku kwetu.

Aliyerudi alipewa kiinua mgongo basi. Mwaka 2019 Al Jazeera walitoa nyaraka za serikali ya Uingereza yenyewe, mzungu wa cheo cha chini kabisa alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, mweusi wa cheo kilekile shilingi 3 na nusu. Kwa miaka mitatu huyu anaondoka na 360 yule na 126, na vita ni ileile jamani. Babu alirudi na hicho akashika jembe mpaka anakufa 1991, pensheni hajawahi kuiona.

Sasa tuje kwenye hela. Mwaka 2018 waziri wao Penny Mordaunt alitangaza karibu pauni milioni 12 kwa miaka 5, hela za walipa kodi, zipitie shirika la hisani la Royal Commonwealth Ex-Services League, ili wazee waliopigana kabla ya uhuru na wajane wao wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili, ndio malipo ya Bama hayo. Na wanaita msaada, mimi nasema ni deni, tena limelipwa kidogo na limechelewa mno. Ila sawa, kwa bibi wa miaka 94 milo miwili ni kitu kikubwa, siwezi kukidharau.

Shirika lenyewe mahesabu yake yako wazi kwenye rejista ya mashirika ya hisani ya Uingereza, kila mwaka unasoma bure walichopokea serikalini na walichotumia. Kwa hiyo mlipa kodi wa kule anaonyeshwa. Huku chini kwa mjane mwenyewe ndio giza.

Bibi yangu, mjane wa huyo babu, nimempeleka mara tatu kwenye ofisi moja inayohusika na wazee hawa, siitaji jina. Kila safari ni bodaboda mpaka barabarani halafu basi, na bibi miguu imevimba. Mara ya kwanza wakataka cheti cha ndoa, ndoa ya kimila ya 1949 cheti kitoke wapi, tukarudi na barua ya mtendaji wa kijiji. Mara ya pili wakataka kitabu cha babu cha kuachishwa jeshi, kile kililiwa na mchwa nyumba ya zamani ilipoanguka, tukawaonyesha medali yake ya vita, nyota ya Burma, yule bwana akaigeuza nyuma akasema haina jina la mtu. Sasa hizo nyota walizitoa bila majina wao wenyewe! Kosa la bibi yangu ni lipi hapo? Na mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ya kwanza, pengine mpaka 350,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Walioshindwa kuandika majina ni wao, anayedaiwa karatasi ni ajuza kijijini.

Mara ya tatu tukaambiwa fungu limeisha. Nikauliza kwa adabu kabisa, shikamoo nimetoa, wilaya yetu kuna wajane wangapi kwenye orodha, kila mmoja anapata kiasi gani, mara ya mwisho wamelipwa lini. Nikajibiwa hizo ni taarifa za ofisi. Hapo ndio niliwaka. Hela za TASAF tu za kaya maskini, majina yanasomwa kwenye mkutano wa kijiji kila mtu anasikia, hii ina siri gani?

Sisemi kuna mtu kala, sina ushahidi na sitamzushia mtu. Nachotaka ni orodha ibandikwe ukutani na kiasi kiandikwe, na mjane asiye na kitabu aulizwe kwa wazee wa kijiji wanaomjua, wapo bado wachache wasije wakaisha wote tukibishana karatasi.

Kama una babu au bibi aliyewahi kupokea hii hela niandikie hapa, alipokea mwaka gani, kiasi gani, na alipeleka vielelezo gani. Jumatatu naandika barua moja kwa moja London na nakala kwa ubalozi wao Dar, nataka iende na maelezo ya familia zaidi ya moja.