Mnaongea nini mkifanya mazingaombwe ya karata? Msaada wakuu

Kijana wa Karata:
Wakuu habari zenu. Nafanya mazingaombwe ya karata mwaka wa pili sasa, mikono iko vizuri namshukuru Mungu, ila nikifungua mdomo nakuwa kama mtangazaji wa mpira, "chagua karata, haya irudishe katikati, nagonga, ona imekuja juu". Watu wanasema "mh, kaificha mkononi" wanarudi kwenye simu zao. Hii ya karata inayozamishwa halafu inapanda juu naipenda sana, nataka iwaguse. Nyie mnasema nini?

Fundi Shupaza:
Mkuu macho wanayo, usiwasimulie wanachokiona. Mimi natumia mbili ya uru. Naanza na marehemu babu, mtu wa wahedi wa sitini, ule mchezo wa karata wa kuhesabu pointi, kila jioni barazani, halafu namuuliza mtu mbele yangu, mbili ina pointi ngapi? Haina, galasha hiyo. Basi babu anaitupa katikati, inarudi juu, anaitupa tena imo tu. Hapo hata yule aliyekuwa ananivizia mikono anaanza kuishangilia galasha, maana nani hajawahi kudharauliwa? Na lile swali sio la bure, mtu akiulizwa anakutazama usoni, mkono ndo unafanya kazi yake hapo hapo.

Mama Turufu:
Kweli, ila usijaze maneno. Mtafute marehemu René Lavand, mwanamazingaombwe wa Argentina, alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka 9, karata zote akafanya kwa kushoto peke yake, taratibuu, anasimulia, ananyamaza, anaendelea. Kile kimya chake kinakufanya ushike pumzi.
Halafu neno kuroga liache kabisa mdogo wangu. Niliwahi kulisema kwenye sherehe ya mtaani, bibi mmoja akanyanyuka akaondoka na wajukuu wake wote, iliniuma mpaka leo. Na wengine wakiona karata tu wanawaza wale matapeli wa karata tatu stendi, waambie mapema hapa hela haitoki mfukoni kwa mtu.

Kijana wa Karata:
Asanteni sana, jana nimejaribu kwa shangazi. Babu yangu hakucheza karata kwa hiyo nikasimulia habari za mdogo wetu wa mwisho, kila picha ya ukoo anasukumwa nyuma na kila picha ikitoka yuko mbele. Nikatumia tatu ya pau. Shangazi akasema hebu rudia pale kwenye picha ya harusi, wala hakuuliza karata imepita wapi.