MJADALA: Thimu za zamani za LEGO zinarudi, lakini zinarudi kwa ajili ya nani?

Mleta mada, Ilazo

Mbukwenyi wakuu. Naleta hili maana kwenye grupu letu la wapenda LEGO, yale matofali madogo ya plastiki ya kubananisha na kujengea, hapa Dodoma (tuko wachache, tunajuana) mwenzetu mmoja kaposti picha ya lile jumba la kifalme, Lion Knights' Castle, alilobebewa na ndugu yake kwenye begi kutoka Ulaya, basi watu wazima na ndevu zao wakalipuka kama Yanga kafunga dakika ya tisini, "limeruuudi!" Mimi nikajiuliza, limerudi kutoka wapi? Hapa kwetu liliwahi kuwepo lini?

Kwa wasiojua, ngome ya kwanza ya aina hiyo ilitoka 1978, ya njano, vipande 767, na ilikuwa ya watoto. Mwaka huohuo ndio walitoka wale vijitu wadogo wa mikono inayozunguka tunaowajua leo. Kipindi hichohicho zikaja meli za anga za rangi ya bluu na kijivu, 1989 wakaja maharamia. Watoto wa Denmark, Ujerumani, Marekani wakacheza, wakakua, wakaajiriwa. Kampuni ikaona hawa sasa wana mshahara. 2020 wakaanza kutoa maboksi meusi yameandikwa 18+, mwaka huo meli ya maharamia ikarudi kwa dola 200. 2022 wakati kampuni inatimiza miaka 90 ikarudi meli ya anga, Galaxy Explorer, kwa dola 100, ile ya 1979 ilikuwa na vipande 338 hii ina 1,254. Na hilo jumba nalo mwaka huohuo, vipande 4,514, lilitoka kwa dola 400. Piga hesabu ya shilingi mwenyewe, ni kama milioni moja, bado hujaweka usafiri na VAT asilimia 18 ukiagiza kihalali.

Hoja yangu ni hii na nipo tayari kupigwa mawe. Thimu, yaani mada ya seti kama ngome, anga au maharamia, iliyokuwa ya mtoto wa darasa la pili imerudi na bei ya baba yake, na sisi tunashangilia. Alafu sisi wa huku tunashangilia kumbukumbu ya watu wengine kabisa! Mimi nimekulia Kondoa, gari langu lilikuwa la mabua na tairi za kandambili zilizokatika, ng'ombe wangu wa udongo tulikuwa tunawafinyanga mtoni mvua ikikata. Ngome ya njano sikuwahi kuiona hata kwenye kalenda. Sasa naililia nini?

Nasema tununue matofali, tuache kununua utoto wa Wazungu. Karibuni.

Mwanachuo, UDOM

Mkuu umeanza vizuri ila umechagua ushahidi. Hiyo hiyo kampuni 2021 ilitoa ngome nyingine ya zama za kati kwenye laini ya Creator, namba 31120, vipande 1,426, boksi limeandikwa miaka 9 na kuendelea, dola 100, na unaibomoa unajenga mnara au soko kwa vipande vilevile. 2024 wakajaza mambo ya anga kwenye City, Technic mpaka Friends, zote za watoto. Kwahiyo watoto hawajaporwa, ni wewe unaangalia rafu ya watu wazima tu alafu unalalamika bei ya rafu ya watu wazima.

Na kingine, thimu kurudi kwa ajili ya watoto ilishajaribiwa. BIONICLE, ile thimu ya mashujaa wa kuunganisha wanaofanana na roboti, ilianza 2001 ikaisha 2010, wakairudisha 2015, 2016 ikazimwa tena. Watoto wa 2015 hawakuwa na habari nayo. Waliokuwa na habari nayo ni watu wazima wanaolia mpaka leo irudi. Sasa ungekuwa wewe ndo mfanyabiashara ungemuuzia nani?

Mama wa wawili, Nkuhungu

Mimi naomba niseme kitu, samahani kama nitawakwaza kaka zangu. Dola 100 mnayoiita ya watoto ni laki mbili na nusu. Hiyo nyumbani kwangu ni sare, daftari na viatu kwa wote wawili na chenji inabaki. Kwahiyo mkibishana rafu ya watoto na rafu ya wakubwa mimi naona rafu moja tu.

Ila sikubaliani na mleta mada pia. Mimi nina lile shada la maua la LEGO, lile la vipande 756 lililotoka 2021. Nililipata kwa zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana hela tunaocheza kina mama wa mtaani. Lipo sebuleni. Dodoma hii unajua mwenyewe, kuanzia Juni mpaka Novemba ua gani litakaa ndani bila maji ya kubebwa na ndoo? Langu halinyweshwi. Hakuna kumbukumbu ya Mzungu pale, sikununua utoto wa mtu, nimenunua maua. Sasa na mimi nimepora mtoto gani?

Fundi seremala, Majengo

Mama wa wawili umenifurahisha. Ngoja niwape kitu hawa vijana, huyo aliyeanzisha hayo matofali, Ole Kirk Kristiansen, alikuwa fundi seremala kama mimi, kijiji kinaitwa Billund huko Denmark, 1932, kazi za mbao zimekauka kwasababu ya mdororo wa uchumi, akaanza kuchonga midoli, magari na bata wa mbao. Plastiki ilikuja baadaye kabisa, na tofali lenye mirija kwa ndani liliombewa hataza, ile haki ya mvumbuzi asiigwe, Januari 1958. Tofali la mwaka huo ukilipata leo linabana kwenye la leo. Hapo ndo mimi navua kofia. Mimi nikichonga droo mbili wiki hiihii kuna moja itagoma kuingia, sembuse kubana na ya miaka sitini nyuma.

Kwahiyo mtu akiniambia ni mdoli namwangalia tu. Ile ni kazi ya kiwandani ya usahihi mkubwa, plastiki inaitwa ABS, kalibu zake si za mchezo. Bei ni ya usahihi.

Lakini sasa hataza zilishaisha zamani. Mahakama ya juu ya Ulaya 2010 ikawanyima hata kulisajili umbo la tofali kama alama ya biashara, ikasema umbo lile ni la kiufundi. Ndo maana leo unakuta matofali ya Kichina yanayobana na yale, halali kabisa ilimradi hawajaiba jina wala muundo wa seti. Mimi nanunua hayo. Mengine yanabana vizuri, mengine yanalegea ukuta unajaa kama mimba. Lakini elfu thelathini na tano mwanangu anajenga, hapo mjadala wa nani kaporwa unaishia.

Mhasibu, anafanya kazi Mtumba

Nyote mnasahau upande wa uwekezaji. Kuna wachumi wa chuo kimoja Moscow walitoa utafiti 2021, waliangalia seti za LEGO ambazo hazijafunguliwa za kuanzia 1987 mpaka 2015, wakakuta kwa wastani zinapanda thamani kama asilimia 11 kwa mwaka, kuliko dhahabu. Mtu anayenunua jumba la milioni akaliacha kwenye boksi kabatini ana akili kuliko aliyeweka kwenye akaunti ya benki inayokatwa kila mwezi. Mimi nina boksi tatu chini ya kitanda Iyumbu, sijafungua hata moja na sifungui.

Fundi seremala, Majengo

Mhasibu, utamuuzia nani hapa? Utasimama nalo Sabasaba kwenye viazi na mitumba useme hili ni la milioni mbili? Mnunuzi wako yuko Ulaya, boksi kubwa, nauli ya ndege itakula hiyo asilimia 11 yote. Nenda UTT kaka, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, hautatunza boksi na panya hawatalitafuna.

Mwanachuo, UDOM

Na kampuni ikiirudisha ile thimu uliyoificha chini ya kitanda? Mtu aliyekuwa anaitafuta ya zamani si ananunua mpya. Hapo ndipo wewe na mleta mada mnakutana, nyote mnapinga thimu kurudi, yeye kwa ajili ya watoto wewe kwa ajili ya kitanda 😂

Mleta mada, Ilazo

Nimesoma yote. Mama wa wawili, hapo kwenye maua nakubali sikuwa nakulenga, maana wewe umenunua kitu unachokitumia, na ni thimu mpya, haina mzuka wa kurudi. Nisikwepe lakini swali la mwanachuo.

Anasema kampuni inamuuzia mwenye hela, sawa, biashara. Na ukweli lazima usemwe, 2003 na 2004 kampuni ilikuwa inaelekea kufa, ilipata hasara kubwa, wakabadilisha bosi, wakapunguza aina za vipande karibu nusu, wakauza hisa kubwa ya zile bustani za Legoland. Na watu wazima wakawa sehemu ya kuinuka kwake. Zile nyumba za mitaa za kuunganisha zilianza 2007, laini ya Architecture ya majengo maarufu ikaanza 2008 kutokana na msanifu majengo wa Chicago aliyekuwa shabiki tu, anajenga maghorofa kwa matofali hayo. 2019 wakanunua kabisa BrickLink, soko la mtandaoni walilojijengea mashabiki la kuuziana vipande vilivyotumika. Kwahiyo sisemi watu wazima ni wezi. Bila wao huenda hata hiyo ngome ya dola 100 isingekuwepo.

Ninachogomea ni sisi kufuata foleni ya nostaljia. Ile hamu ya Mjerumani wa miaka 50 akiona kofia ya yule kijitu mwanaanga wa zile meli za anga za zamani ina kidevu kilichovunjika naielewa, maana zile kofia za zamani zilikuwa zinavunjika palepale kila mtu. Ni yake. Wewe wa Chang'ombe ukiililia unaigiza. Na ukishaigiza ndo unalipa milioni kwa kitu ambacho kingekuwa laki tatu za vipande vya kununua kwa kilo na ukajenga unachokijua.

Mfano mdogo. Tembe la Kigogo. Kuta zilizonyooka, paa bapa la udongo juu ya miti, uwanja wa ng'ombe katikati. Hivi kuna nyumba duniani inayokubali tofali la pembe nne kuliko hiyo? Ngome ya Ulaya inahitaji vipande vya mviringo, matao, bendera, farasi. Tembe unahitaji kahawia tu na subira. Mimi langu linafika magotini sasa hivi, ng'ombe wananishinda, maana ng'ombe wa LEGO ni wa maziwa wa Kizungu kabisa, hana nundu 😅

Mstaafu, Kikuyu

Vijana shikamooni hamjanipa lakini nawasalimu. Mimi sijui LEGO nilikuwa napita. Huyu wa tembe nimependa alichosema, ila nimuulize, hizo nyumba tulizihama wengi wetu wakati wa vijiji vya Ujamaa miaka ya sabini, vijana wengi wa leo hawajalala ndani ya tembe hata siku moja. Wewe mwenyewe umesema wa Kondoa, ulilala kwenye tembe? Au na wewe unajenga kumbukumbu ya babu yako?

Mwanachuo, UDOM

Mzee shikamoo. Umemaliza 🔥🔥

Mleta mada, Ilazo

Shikamoo mzee wangu. Nyumba yetu ilikuwa ya bati. Bibi yangu mzaa mama ndiye alikuwa na tembe, tukienda likizo tunalala huko, kunanukia moshi na mbuzi. Kwahiyo nusu yangu nusu ya babu, lakini walau babu ni wangu.

Mama wa wawili, Nkuhungu

Sasa kama ni hivyo ipelekeni kule LEGO Ideas. Si ndo utaratibu wao, mtu anapeleka muundo wake, akipata kura 10,000 kampuni inakaa inaujadili, ikikubali inautengeneza na mwenye wazo anapata asilimia moja ya mauzo. Ile meli ya maharamia mnayoisema ilianzia hukohuko kwa shabiki. Dodoma peke yake ina watu zaidi ya elfu kumi mara nyingi tu, tatizo ni kujisajili.

Mhasibu, anafanya kazi Mtumba

Ikitoka nanunua nne. Mbili sifungui.

Fundi seremala, Majengo

Na ikitoka itakuwa boksi jeusi, 18+, dola 250. Mleta mada hapo utasemaje? Mtoto wa Chamwino ataona tembe la babu yake dirishani kwa laki sita na ushee, na wewe ndo utakuwa umelipeleka. Jibu hilo kwanza kabla hatujaanza kupiga kura.

Mleta mada, Ilazo

Fundi nipe mpaka kesho jioni. Kwa sasa nachosema ni kwamba maelekezo ya kulijenga nitayatoa bure humu, kwa vipande vya kawaida ambavyo hata vya Kichina vinafaa, kabla sijapeleka popote. Ila kuhusu dola 250 sijapata jibu ninaloliamini, wengine endeleeni.