Jirani yangu wa tope la Hanang yupo kwangu, nifanyeje asijione mzigo?

MamaWawili_Katesh:
Habari zenu ndugu zangu. Tope la Mlima Hanang, ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba, liliishia hatua chache na ukuta wangu. Mwenzangu wa bondeni lilimchukulia nyumba, mbuzi na mama mkwe. Walianzia kambini shuleni, sasa yeye na wanawe watatu wana wiki mbili kwangu.

Saa kumi alfajiri namkuta anaosha vyombo ambavyo nilishaviosha usiku. Chakula anagawa kwa watoto, yeye anakwangua ukoko. Mvua ikigonga bati tu, anawaamsha, wanakaa mlangoni na viatu miguuni mpaka ikatike. Wifi yangu ananiambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lake lipo chini ya tope, na shamba pia! Nimwambie nini?

Mkazi wa Mabwepande:
Pole sana dada. Sisi tulihamishiwa huku baada ya mafuriko ya Dar ya Desemba 2011. Kabla ya kupata kiwanja nilikaa kwa shangazi. Alinipenda, ila kila siku kumwomba chumvi kuliniumiza kuliko njaa. Mpe jiko lake na sufuria yake, unga apime mwenyewe. Na hao wanaokuja kumpa pole wazuie kidogo. Wanamuuliza maiti ilionekana wapi, wanakunywa chai, wanaondoka, yeye halali.

Wa Kilosa:
Naunga mkono. Kama vyeti na kitambulisho vimeenda na tope, muanzie serikali ya kijiji, kisha polisi akaandikishe upotevu. Nenda naye, usimtume. Sisi mafuriko yalipotukuta mwanzoni mwa 2010, nilifika dirishani nikashindwa hata kutaja jina langu.

Suala la mvua, usiwaambie walale. Kaa nao.

MamaWawili_Katesh:
Asanteni, nimerudi. Juzi nilimpa jiko la mkaa na kona ya uani. Akapika makande, akaniletea bakuli, akasimama pale pale nionje. Chumvi ilizidi kidogo. Nilimaliza yote.

Jana usiku ikanyesha. Nikavaa viatu, nikaketi nao mlangoni. Watoto walisinzia kwenye saa nane hivi. Sisi wawili tuliongea habari za mbegu ya mahindi mpaka mvua ikakatika.